Kurasa za Karanga

Baba yangu alisoma vitabu vya kowboi kwa sauti, kwenye barza ya nyumba yetu Lubumbashi, kila Jumapili baada ya misa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mwisho. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo lililoniponza.

Baba alikuwa karani wa reli. Abiria wa daraja la kwanza walisahau vitu ndani ya mabehewa: miavuli, kofia, chupa, na vile vitabu vyembamba vya Kifaransa vyenye farasi kwenye jalada, vya kusomwa njiani na kutupwa. Miavuli aliipeleka ofisini. Vitabu alivileta nyumbani. Mama naye aliuza karanga mlangoni petu, na karanga zinataka karatasi ya kufungia, kwa hiyo kila kitabu kilichoingia kwetu kilianza kuliwa kutoka nyuma. Ukinunua karanga za mama ulipewa pembe ya karatasi yenye bastola mbili na nusu ya mazungumzo. Siku moja nilimuuliza kwa nini wasichane mwanzo. Akasema mwanzo mtu anauhitaji kila anapoanza, lakini mwisho ukishausoma mara moja umeujua.

Baba aliketi kwenye kiti chake cha mbao, kitabu kwenye goti, Kifaransa kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni bila kukwama. Majirani walikuja na viti vyao. Mpanda farasi aliingia mjini, vumbi likatimka, mwenye baa akaanza kuficha vikombe. Karatasi zilipokwisha, baba hakunyamaza. Alilowesha kidole, akageuza ukurasa usiokuwepo, akaendelea. Sisi watoto tuliokaa chini hatukuweza kujua kitabu kilikomea wapi na baba alianzia wapi, na kusema kweli hatukujali.

Kilichonishika kuliko vyote kilikuwa na jalada jekundu na farasi mweusi mwenye mguu mmoja mweupe. Mtu anamtafuta aliyemuua kaka yake. Anavuka nchi kavu siku saba, anamkuta adui yake nje ya kibanda, peke yake, anachimba kisima. Anashuka kwenye farasi, mkono uko karibu na bastola. Karatasi ziliishia hapo. Lakini kwa mdomo wa baba, yule mtu alichungulia shimoni, akaona jinsi mwenzake alivyokonda, akaona mpini wa koleo umevunjika. Akafungua mkanda wa bastola, akautundika kwenye uzio, akaingia shimoni. Wakachimba wote wawili. Siku ya tatu maji yakatoka, na baba akafunga kitabu na kutuuliza: nani alikunywa wa kwanza?

Mwaka ule majirani zetu wawili, wa kulia na wa kushoto, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya bomba la maji. Kila mmoja alidai mwenzake anamkatia. Wote wawili walikuja kusikiliza, mmoja akikaa huku na mwingine kule. Sikumbuki kama walipatana siku ile. Nakumbuka Jumapili iliyofuata viti vyao vilikuwa vimesogeleana, na mama alikuwa akicheka peke yake huku anafunga karanga. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwa farasi.

Nilianza kuandika nikiwa darasa la tano. Kowboi wangu wa kwanza alipigana na majambazi kumi na wawili, kisha akala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, maana sikuweza kufikiria mtu aliyeshinda juu ya farasi angekula nini kingine. Farasi sikuwa nimemwona hata mmoja. Wa kwanza nilimkuta hapa Brussels ninakoishi sasa, mbele ya Porte de Namur, farasi wa polisi, siku ya maandamano fulani. Nilimkaribia nikanusa. Alinuka jasho na majani mabichi, alikuwa na pumzi ya moto, alikojoa barabarani kama bomba lililopasuka. Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yangu nikaona haya. Farasi wangu walikuwa kama baiskeli: unapanda, unashuka, unaegemeza ukutani.

Sikuacha. Mchana niliwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee upande wa Ixelles, na wakati wa mapumziko niliandika. Madaftari kumi na moja, yote kwa Kifaransa. Kuna wakati nilihudhuria warsha ya uandishi katika maktaba moja ya mtaa, na mama aliyetuongoza, mwenye huruma nyingi kuliko nilivyohitaji, aliniuliza kwa nini siandiki kuhusu nchi yangu, migodi, vita, safari ya kuja huku. Nikaenda nikaandika kuhusu migodi. Kila mchimbaji nilimpa bastola. Alirudisha karatasi zangu bila alama yoyote, nami sikurudi tena, kwa hasira ambayo mpaka leo naiona ni ya haki.

Sasa nifike Flagey, uwanja mmoja wa hapa Brussels. Ilikuwa Jumapili, karibu saa sita mchana, kuna soko na mvua ile nyembamba ya hapa isiyolowesha wala kukoma. Nilikuwa na chipsi mkononi. Muuzaji mmoja wa vitabu chakavu alikuwa amefunika masanduku yake kwa nailoni, na chini ya nailoni niliona mguu mweupe wa farasi mweusi. Nilikivuta. Jalada jekundu, kitabu kilekile, na nyuma hakikuwa kimechanwa. Kilikuwa na kurasa zake zote.

Nilisoma mwisho palepale, nimesimama, chipsi zikipoa. Yule mtu anashuka kwenye farasi. Adui yake ameinama juu ya koleo. Anampiga risasi ya mgongo, anapanda, anaondoka, na kisima kinabaki shimo. Ni ukurasa mmoja na nusu. Nilipiga simu hapohapo.

Hapa lazima niseme ukweli. Kwetu simu kutoka Ulaya si ya mtu mmoja. Ikiita tu, inawekwa haut-parleur katikati ya watu, kila mmoja asikie sauti ya mtoto wa nyumba. Nilijua hilo. Nilijua pia ni Jumapili, misa imekwisha, viti vimeshatolewa. Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilitaka wanisikie. Nilitaka wajue kwamba mimi ndiye niliyefika mahali ambapo kurasa zote zipo.

“Allô, papa! Nimepata ile buku! Ile ya rouge, ya farasi!”

“Ah, papa!” alisema baba. Ndivyo alivyoniita siku zote, kama wazazi wetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. “Umeipata wapi?”

“Huku, ku soko. Iko na page zake zote. Alors sikia, papa. Ule muntu haingie mu kisima hata kidogo. Anamupiga ule mwingine masasi mu mugongo, anapanda farasi, anaenda. C’est tout. Ile mwisho ulikuwa unatuambiaka, haiko mu buku!”

Nilikuwa nacheka. Kule pia walicheka. Nilisikia sauti ya mwanamke: “Kumbe tonton alikuwa anatudanganya miaka yote hii!” Kicheko kikapanda zaidi. Baba naye alicheka pamoja nao. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, kila mtu anatupa lake, na baba alipokea langu bila neno baya.

“Bon,” alisema. “Njo vile. Buku ni buku.”

Nilinunua kile kitabu. Nilikula chipsi zangu zilizopoa nikapanda Chaussée d’Ixelles kwa miguu, na furaha yangu ilidumu mpaka nyumbani.

Ilinichukua karibu miaka miwili kugundua kwamba baba haniambii tena anasoma nini. Mama alikuwa ameshafariki, na dada yangu mdogo ndiye aliyeishi naye. Nikamuuliza dada. Alitoka na simu mpaka barabarani, nikasikia pikipiki zikimpita, ndipo akajibu, akiniita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

“Yaya, papa hasomake tena. Tangu ile siku ulipiga.”

“Siku gani?”

“Siku ulituambia mwisho ya buku. Batu balianza kumucheka: ‘Tonton, leo utatuambia ya kweli ao ya kwako?’ Aye anacheka nabo. Lakini buku zote alizitia mu carton, alizifunga na kamba.”

Nilimwambia sikuwa na nia mbaya. Nilimwambia nilidhani baba hakuujua ule mwisho, na kwamba angefurahi kuupata.

“Hakuujua?” aliuliza dada yangu. “Yaya, ni aye mwenyewe alikuwa anapasulaka zile page. Anasoma buku yote, akiona mwisho ni mubaya anaipasula, anapatia mama. Anamuambia: ‘Hii haina kazi, fungia karanga.’ Weye ulifikiri ni mama?”

Ndiyo, nilifikiri ni mama. Miaka yote hiyo nilimwona baba kama mtu anayeziba pengo kwa ubunifu, nami nikamletea kutoka Ulaya, kwa fahari, takataka alizokuwa amezitupa mwenyewe. Na nilimletea mbele ya watu walewale aliowatungia ule mwisho mwingine. Wale majirani wa bomba, mmoja alikuwa bado hai. Dada yangu aliniambia alikuwepo siku ile, na alicheka kuliko wote.

Majuto ni mjukuu. Nilitaka kuomba radhi na sikujua pa kuanzia. Baba na mimi hatukuwa na desturi ya kuongea mambo kama hayo uso kwa uso, sembuse kwa simu inayosikilizwa na mtaa mzima. Nilichojua ni kowboi. Basi nikanunua daftari la kumi na mbili kwenye duka la Chaussée de Wavre linalouza daftari, sabuni na samaki wakavu kwa pamoja, nikaandika kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani.

Hadithi ilikuwa hii. Katika mji mmoja mkavu kuna mzee anayependwa na wote. Kijana mmoja hodari wa bastola, ili aonekane, anaipiga risasi kofia ya mzee ikiwa kichwani mwake, mbele ya watu wote sokoni. Kofia inaruka, watu wanacheka, mzee naye anacheka. Tangu siku ile mzee haonekani tena sokoni. Kijana anaenda mbali, anatajirika, anazeeka kidogo, kisha anarudi. Safari ya kurudi nilimwandikia vizuri. Farasi alinuka, alikunywa, aliumwa kwato. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Mwishoni anafika kwenye mlango wa mzee. Mbwa anaamka. Mzee anatoka, kichwa wazi. Mgeni anavua kofia yake na kufungua mdomo.

Hapo niliacha. Zilibaki karatasi nne tupu, nikazichana kwa makusudi, kwa mkono, ili ionekane zimechanwa. Nilifikiri baba atalifikia hilo pengo, atalowesha kidole na kugeuza. Angejua maneno yanayotakiwa. Na akiyasema yeye, ingekuwa kama nimeyasema mimi. Nilijiona nina akili sana. Daftari nililituma kwa maman mmoja mfanyabiashara aliyekuja Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kununua vitenge na alikuwa anarudi Lubumbashi.

Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo dada yangu ndiye aliyesoma. Walitoa viti tena. Kila Jumapili alinitumia ujumbe mfupi: leo tumefika sokoni, leo kofia imeruka, leo anavuka mto. Aliniandikia kwamba siku ya kofia hakuna aliyecheka, na kwamba yule jirani wa bomba alitazama chini. Jumapili iliyofuata baba ndiye aliyetangulia kuketi.

Jumapili ya nne simu yangu iliita nikiwa jikoni, napika wali. Alikuwa baba mwenyewe.

“Papa, tumefika ku mwisho. Dada yako anasema page zimepasuka.”

“Ndiyo, papa.”

“Nani alizipasula?”

“Ni miye.”

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile tangu Flagey. “Bon. Mama yako haiko tena ya kuuzisha karanga, donc hizo page ziko wapi?”

“Hazikuandikwa, papa.”

“Alors tuambie. Batu banaikala. Muzee iko mu mulango, ule kijana anavula kofia. Anasema nini?”

Nilisikia kuku. Nilisikia kiti kikilia na mtu akikohoa. Halafu nikasikia kile kimya cha watu wanaongoja, ninachokijua vizuri kwa sababu nilikulia ndani yake.

“Papa, nilifikiri weye njo utamaliza,” nilisema.

“Hapana, papa. Miye zangu nilisha kusema. Hii ni ya kwako.”

Neno lilikuwa moja tu. Kwa Kifaransa nalisema mara arobaini kwa siku, ndani ya basi, kwa watu niliowakanyaga na hata kwa walionikanyaga wao. Pardon, pardon. Kwa Kiswahili, kwa baba yangu, mbele ya viti vile, lilikataa. Mwandishi wa madaftari kumi na mawili! Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira, kwamba amenigeuzia mchezo, kwamba ananidai mbele za watu. Haikuwa hivyo. Alikuwa ananipa kiti chake, hilo naliona sasa, na ninajuta kwa moyo wangu wote kwamba sikuliona wakati ule.

“Allô?” nilisema. “Allô? Papa? Sisikie muzuri.”

Nilimsikia kama vile yuko jikoni pamoja nami. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Baadaye nilimwandikia dada yangu: réseau mbaya, mtandao ulikatika, nitapiga kesho. Kesho nilikuwa kazini. Kesho kutwa nilikuwa nimechoka. Wiki iliyofuata nilijiambia bora niandike mwisho wenyewe, mzuri, niusome, na nikaandika mitatu na kuichana yote mitatu. Kabla ya Jumapili ya tatu kufika, moyo wa baba ulisimama asubuhi akiwa anavaa viatu.

Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa manispaa ikifanywa upya, sikuweza kusafiri. Basi kilio nilikifanya hapa, kwenye fleti yangu nyuma ya Chaussée de Wavre. Wakatanga wenzangu wa Brussels walikuja, wakaleta sufuria za chakula, na wengine, kwa kuwa wanajua fleti za huku zilivyo, walikuja na viti vyao vya kukunja. Niliviangalia viti vile vikipangwa ukutani nami nikaketi chini, sakafuni.

Alasiri dada yangu alipiga. Kabla sijanyoosha mkono, maman mmoja aliyekaa karibu na meza alishaipokea simu na kuiweka haut-parleur, katikati, ili wote wamsikie mtoto wa marehemu. Ndivyo tunavyofanya. Dada yangu alishukuru watu wa Brussels, akalia kidogo, akaombwa aeleze siku za mwisho za papa. Akaeleza. Akaeleza habari za daftari, jinsi papa alivyorudi kwenye barza, jinsi alivyofurahi.

“Ile siku yaya alikuwa anatuambia mwisho,” alisema, “réseau ikakatika. Batu balisimama, balitaka kuenda. Papa akabakataza. Akasema: ‘Muikale. Atarudia. Ule mutoto hawezi kuacha muntu amesimama mu mulango.’ Tuliikala mupaka batu balianza kuwasha mbabula za kupikia, na makala ya moto yakawaka, na bukari ikapikwa. Papa alikuwa ametia simu ku goti, pale alikuwa anawekaka buku.”

Chumba kizima kilisikitika. Maman aliyekuwa karibu nami alinishika bega.

“Pole, papa,” aliniambia. “Hii réseau ya Congo, kweli!”

Watu wote walikuwa wananitazama, na simu ilikuwa wazi, na dada yangu alikuwa anasikiliza. Nikasema ndiyo, ilikuwa réseau.